Mwosha Aliyekataa Kusema Alichokiona

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Khurasani alikuwako mwosha maiti mchamungu aliyeitwa Dhakwani. Liwali wa mji huo, Harthama, alikuwa mtu wa shaka, hata kivuli chake alikigeukia mara mbili. Aliposikia kwamba wapinzani wake wamekula kiapo na kujichoma chapa kwapani, akaamuru waosha wote waape kumjulisha kila maiti mwenye chapa hiyo, ili nyumba yake itwaliwe na jamaa zake wafukuzwe.

Balaa gani hilo! Waosha wakaapa, wengine kwa hofu, wengine kwa kujipendekeza. Dhakwani peke yake hakwenda kuapa. Watu wakaanza kuogopana. Mgonjwa akizidiwa, jamaa walifunga madirisha wasisikike wakilia. Dhakwani naye alijua anatazamwa, kwani mbele ya nyumba yake alihamia muuza tini mwenye kapu moja bovu, ambaye hakuita wateja wala macho yake hayakubanduka mlangoni.

Ikatokea akamwosha mfinyanzi mmoja aliyeacha mjane na watoto wadogo. Mazishi yalipokwisha tu, akakamatwa na kufikishwa mbele ya Liwali.

"Umeona nini kwapani mwake?"

"Nimeona maiti, ewe Liwali, nikamsitiri kama nilivyoamrishwa."

"Umeamrishwa na nani? Mwenye amri hapa ni mimi."

"Amri yako ni juu ya njia, soko na ushuru. Mwili wa aliyelazwa mbele yangu ni amana. Kama ulikuwa na neno naye, ungemshitaki angali hai, mbele ya kadhi na mashahidi."

"Basi umekiri kwamba chapa ilikuwapo!"

"Sikukiri wala sikukana. Hata asingekuwa nayo nisingekwambia. Nikisema leo huyu hana, kesho nikinyamaza utajua yule anayo."

Akatupwa gerezani, na nyumba ya mjane ikawekewa walinzi, ikingoja ulimi wa mwosha ulegee. Dhakwani aliogopa sana, maana ucha Mungu haumwondolei mtu baridi ya sakafu. Akawa anaomba asije akasema.

Haukupita muda mrefu, baba yake Harthama akafariki. Waosha wakaitwa. Liwali akawatazama mmoja mmoja, na kwa kila mmoja akakumbuka kiapo alichomwapisha. Mgongoni mwa mzee wake mlikuwa na jambo ambalo ukoo wote ulilificha. Atamwamini nani katika hawa? Akawarudisha makwao, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nileteeni Dhakwani."

Dhakwani akamwosha mzee, akamkafini. Alipofungua mlango, alimkuta Harthama amesimama, uso umemsawijika.

"Umeona nini?"

"Ulinifunga kwa kutojibu swali hilo," Dhakwani akasema kwa upole. "Je, leo wataka nilijibu?"

Harthama akalia mbele ya watumishi wake. Kabla jeneza halijainuliwa, akaifuta amri yake, akamwacha Dhakwani huru na kuwaondoa walinzi mlangoni kwa mjane.

Enyi ndugu, mtawala ana haki zake, nasi tumtii katika wema. Lakini sitara ya mja ni ya Mola wake. Na anayewafundisha watu kuchunguliana, ajiulize atamwita nani siku msiba utakapobisha kwake.