Pikapu ya Kushukia

Sogeeni karibu. Mwenye kikohozi akikohoe sasa kiishe, na mwenye neno alimeze kwanza, maana hili ni fupi na halirudiwi.

Mama mmoja wa Ufipa, mjane, Leokadia jina lake, alikuwa na tela. Tela hilo lilibeba magunia ishirini ya mahindi kutoka huku juu mpaka bondeni Rukwa, kwa walima mpunga. Trekta la kukodi lililokuwa likilivuta lilipokufa, Leokadia akaazimia kununua pikapu yake mwenyewe, ya dizeli. Si ile ndogo ya kubebea kuku, wala si lori. Ya kadiri. Dereva angekuwa Ponsiano, kifungua mimba wake, baba wa watoto watano. Na barabara ya bondeni mnaijua wenyewe: upande mmoja mwamba, upande wa pili hewa tupu.

Wakaenda mjini kwa muuza magari, na tela lao na mzigo wake wote, likivutwa na trekta la jirani. Pale palikuwa na pikapu mbili. Ya kwanza nyekundu, injini kubwa, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Ya pili rangi ya majivu, injini ndogo kidogo, lakini nzito, mgongo mrefu, imekaa chini kama kuku aatamiaye. Muuza magari akalifunga tela nyuma ya ile nyekundu, akakikwea kilima kilichokuwa nyuma ya uwanja. Ikapanda inaimba. Watu wakapiga makofi. Ile ya majivu nayo ikapanda, ikiguna njia nzima. Watu wakacheka.

"Mama, umejionea. Hii nyekundu ndiyo dume," akasema muuza magari. Ponsiano naye macho yalikuwa yamekwisha kugandia hapo hapo.

Sasa baba yake Leokadia alikuwa mtu wa mikokoteni. Mnadani, wenzake walipokuwa wakipapasa mabega ya maksai, yeye alizunguka nyuma. "Ng'ombe wa mkokoteni huchaguliwa kwa matako," alikuwa akisema. "Kwenye mteremko ndiyo anayokalia." Walimcheka mpaka machozi, kisha wale wale wakaja kuazima maksai wake.

Basi Leokadia akamtazama muuza magari, akasema: "Hata moshi unapanda, mwanangu. Nishushie."

"Kushuka! Mama, kushuka hata jiwe linashuka!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Leokadia akaashiria ile nyekundu ipandishwe tena, Ponsiano akiwa kwenye usukani. Waliporudi juu na ile nyekundu, aliingia mwenyewe akaketi kando ya mwanawe.

Hawakufika hata nusu ya kilima. Tela liliacha kuvutwa, likaanza kusukuma. Ile nyekundu ilikuwa na nguvu nyingi, lakini haikuwa na uzito wa kumkatalia aliye nyuma yake. Mkia ukayumba, breki zikanuka kama kwato zinazoungua, na Ponsiano akauelekeza usukani kwenye lundo la mchanga. Wakasimama. Kijana alishuka mbio akaenda kuyatazama magurudumu. Mama alishuka na khanga yake begani, haijasogea hata kidogo.

Zamu ya ile ya majivu. Ponsiano akaweka gia ya pili, akaiacha ifanye kazi. Ikateremka polepole, injini ikinguruma kwa kuzuia, tela nyuma yake limetulia kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Hapakuwa na cha kushangilia, gari lilishuka tu. Leokadia alizunguka mpaka nyuma, akaipiga kofi moja pale matakoni, akailipia, na jioni ile akaingia nayo kijijini shingo imesimama kama ya twiga.

Ndugu zangu, hakuna apandaye peke yake. Mwenye cheo ana tela, mwenye mali ana tela, baba mwenye nyumba ana tela. Siku za kupanda unalivuta, watu wanakusifu. Siku ya mteremko ndilo linalokusukuma. Je, wewe uliyesifiwa kilimani, nani amewahi kukuona ukishuka?

Miaka kumi na sita pikapu ile ilishuka Rukwa na kurudi. Leokadia alipofariki, Yustina bintiye akarithi shamba. Ponsiano akarithi pikapu na tela. Na wale watoto watano wa Ponsiano wakarithi baba aliye hai.