Jalada la Sauti ya Chini

Chumba cha mchoraji kilikuwa juu ya duka la mafundi cherehani. Mchana kutwa mlio wa vyerehani ulipanda kupitia sakafu, ukamfanya asinzie huku macho yakiwa wazi, na katika hali hiyo ya nusu ndoto ndipo alipochora vizuri. Alikwisha kuchora majalada ya albamu kumi na mawili, na bendi zote zilimsifu mpaka kichwa kikamvimba kidogo. Hili la kumi na tatu lilikuwa la dada yake, naye alitaka liyapiku yote.

Zamani dada huyo alipoimba, sauti yake ilijaza ukumbi hata umeme ukikatika. Kisha akapasuliwa koo, akanyamaza miaka miwili, na sasa alikuwa amerudi na bendi ndogo ya watu watatu. Alimtumia mdogo wake nyimbo mpya nane. Mchoraji hakuzifungua. Sauti aliyolala akiisikia tangu utotoni, nani angemfundisha? Aliweka nyimbo za zamani, akafungulia spika mpaka mwisho, akachora mwanamke aliyepanua kinywa, miali myekundu na ya dhahabu ikimtoka kama moto uliomwagiwa mafuta.

Dada yake alilitazama jalada lile kwa muda mrefu.

"Limependeza," alisema kwa sauti yake mpya, nyembamba na ya chini. "Nyimbo nilizokutumia umezisikiliza?"

Uongo ulimjia mchoraji ulimini, lakini mbele ya dada yake haukutoka.

"Bado, dada."

"Watu wakinunua hili watatafuta sauti ambayo sina tena. Watasema nimewadanganya. Heri albamu isitoke kabisa, mdogo wangu."

Aliyasema bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Wachapaji walitaka mchoro Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Asubuhi iliyofuata, mchoraji alipiga moyo konde akaenda kwenye mazoezi. Alisimama mlangoni, mikono kifuani, kama alivyozoea kwa bendi nyingine. Alisikia feni tu.

"Mbona sisikii kitu?"

Mpiga besi, aliyeitwa Kobe kwa sababu hakuwahi kuharakisha noti hata moja, alimtazama kwa huruma. "Ukitaka kelele, ndugu yangu, nenda sokoni. Ukitaka wimbo, njoo ukae chini huku."

Wote watatu walikuwa wameketi sakafuni. Mchoraji aliitazama suruali yake mpya iliyonyooshwa vizuri, akasita, kisha akaketi. Bado hakusikia. Akainama, akainama tena, mpaka sikio lake likakaribia goti la dada yake.

Hapo akasikia. Sauti ilipita taratibu, kama mtu anayetembea pekupeku katika nyumba yenye mtoto aliyelala. Besi iliifuata nyuma bila kuikanyaga. Ukuta, feni na dirisha vilianza kufifia machoni pake, vikawa rangi moja ya buluu iliyopauka, ya shuka lililofuliwa miaka mingi, naye akaelea humo asijue ni wimbo wa ngapi. Aliona haya, akalia, wala hakujificha.

Alichora siku hiyo hiyo. Jalada zima lilikuwa buluu ile iliyopauka, tupu. Chini kabisa, pembeni, aliketi mwanamke mdogo kama ukucha, midomo imefunguka kidogo, na jina la albamu limeandikwa kando yake kwa herufi ndogo.

"Mwimbaji wetu umemgeuza sisimizi," Kobe alitania Ijumaa asubuhi.

Dada hakucheka. Alilisogeza jalada karibu, akaliinamia mpaka pumzi yake ikagusa karatasi. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa yamelowa.

"Wahi kwa wachapaji," alinong'ona, "na waambie wasiongeze ukubwa wa kitu chochote."

Mchoraji alishuka ngazi akiwa amelikumbatia jalada, akiwa na hakika kwamba kila atakayelishika atafanya kama dada yake, kwa kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame.