Mvushaji wa Lwande na Mzigo Usiotajwa

"Mzigo usiotajwa ndio uzamishao mtumbwi." Mlinisikia nikiwaambia hivyo baba zenu jana, walipokubaliana kugawana shamba la marehemu baba yao bila kumgusia dada yao, eti kikao kiishe kwa amani. Leo mmekuja kuniuliza neno hilo lilitoka wapi. Haya, sogeeni, na maharage yachambuliwe huku mkisikiliza, maana chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na nchi moja iliyokatwa na mto uitwao Lwande. Ng'ambo ya kaskazini walikaa wafumaji na wahunzi. Ng'ambo ya kusini walikaa wenye mashamba ya miwa, na miwa yao ililimwa na watumwa. Kila mwaka wazee wa pande zote walikutana kaskazini katika baraza moja, na kila mwaka waligombana. Kaskazini walitoza ushuru mkubwa juu ya nguo za kigeni ili zao zinunuliwe. Kusini wakalalamika kwamba wavaaji ni wao, kwa hiyo walipaji ni wao. Kusini walisema kila ng'ambo ina haki ya kuikataa sheria isiyoipenda. Kaskazini wakajibu kwamba nchi ni moja. Lakini chini ya ugomvi wote ulikuwepo ule wa watumwa, na huo ndio uliowafanya washike majambia. Basi wazee wetu, kwa werevu wao, wakapatana: neno "mtumwa" lisitamkwe tena barazani, wala njiani kwenda barazani. Wakapongezana sana kwa busara hiyo.

Mwinjuma alikuwa mvushaji wa mto huo. Aliishi peke yake katika kibanda, juu ya kisiwa kidogo cha mchanga katikati ya maji. Mkewe, Faida, alikuwa mtumwa wa Mwinyi Hatibu, tajiri wa miwa kule kusini. Mwinyi aliwaruhusu waoane, ila Faida alale kwa bwana wake. Ndoa yao ikawa ya kuonana pale watu wanapoteka maji: huyu amesimama mtumbwini, yule ana mtungi kichwani. Watu wa kaskazini walimwita Mwinjuma mtu wa kusini kwa ajili ya mkewe. Wa kusini walimwita mtu wa kaskazini kwa kuwa alizaliwa huko. Hakualikwa harusi ya upande wowote. Jioni alisonga ugali wa mtu mmoja, akala akiutazama moshi wa jiko la Mwinyi, asijue kama ni Faida aliyeliwasha. Upweke ulimuuma, na ulimuuma zaidi kwa sababu alikuwa na mke.

Tumaini lake lilikuwa moja. Mzee Semboja, mkubwa wa wahunzi wa kaskazini, alimwahidi: "Baraza la mwaka huu likiisha salama, nitamwomba Mwinyi faraghani amwache huru mkeo. Wewe vumilia tu."

Sasa kivuko kile kilikuwa na desturi yake. Mvushaji alishika upondo wake, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, akasema, "Taja mzigo wako." Msafiri akataja watu wake na vitu vyake, na mvushaji akavipanga mpaka mtumbwi ukae sawa. Kilichotajwa ndicho kilichopewa nafasi. Kumhoji mkubwa juu ya neno lake kulikuwa kumvunjia heshima.

Siku ya baraza mto ulikuwa umefura kwa mvua za milimani. Mwinyi Hatibu alifika kivukoni pamoja na Mzee Semboja, aliyekuwa amevuka mapema kumpokea kama ilivyokuwa ada.

"Shikamoo, Mwinyi," alisema Mwinjuma. "Taja mzigo wako."

"Marahaba. Ni mimi, mwanangu huyu, Mzee Semboja, na makanda ya sukari guru ya baraza. Basi."

Nyuma yake walisimama wachukuzi waliobeba makanda hayo, mifuko mikubwa ya ukindu. Wa mwisho alikuwa Faida, kanda limefungwa mgongoni pake kwa kamba.

"Na hawa, Mwinyi?"

"Hawa nini?"

"Wanaobeba. Maji ni mengi. Ukiwataja, nitavusha kwa zamu."

Mwinyi akacheka kidogo. "Nikiwataja kuwa abiria, nimewafanya waungwana kama mimi. Nikiwataja kuwa mali, wenzetu hawa watanidai ushuru. Na jina lao lenyewe tumekatazana. Niwataje vipi?"

Mwinjuma akamgeukia Semboja. "Mzee wangu, sema neno."

Semboja akatazama pembeni. "Usituharibie baraza, mwanangu. Vusha."

Faida akamsogelea mumewe. "Mume wangu, mtumbwi huu hautuchukui."

"Nyamaza kwa leo tu," akamnong'oneza. "Jioni utakuwa huru."

Faida akapanda na kanda lake. Wakubwa wakaketi katikati. Wachukuzi, kwa kuwa hawakutajwa, hawakupangiwa mahali. Wakajibana wote nyuma, wamesimama na mizigo yao. Katikati ya mto mkondo ukaupiga mtumbwi ubavuni, ukalala upande, ukapinduka. Wakubwa waliudandia mgongo wake. Wachukuzi wenye mizigo ya kichwani waliitupa wakaogelea. Lakini kanda la Faida lilikuwa limefungwa. Mwinjuma alipiga mbizi mpaka nguvu zikamwishia, akatoka mikono mitupu.

Ufukweni Semboja alikuwa akiwatazama watu mmoja mmoja. "Tumshukuru Mungu," akasema. "Wote waliotajwa wapo. Imepotea sukari tu."

"Sukari tu?" Mwinjuma akapaza sauti. "Amezama Faida. Mtumwa wa Mwinyi Hatibu. Mke wangu. Mzigo usiotajwa ndio uliouzamisha mtumbwi, na mimi ndiye niliyeshika upondo."

Mnadhani walimpa pole? Walishtuka kwa neno "mtumwa"! Mwinyi akasema kaskazini wamemtuma mvushaji amtukane. Semboja akasema kusini wamemtia maneno kinywani. Baraza halikukaa. Kabla miwa haijakomaa ng'ambo mbili zilikuwa vitani, na wale walionyamaza ili kuwalindia wana wao amani wakawazika wana wao.

Vita vilikwisha, na utumwa ukaisha navyo. Mwinjuma alichonga mtumbwi mwingine, akarudi kisiwani kwake. Alimwuliza kila msafiri mzigo wake kama zamani, mpaka kitoto cha mgongoni na kuku wa kapuni. Na kabla ya kufungua kamba alitaja na wake, kwa sauti ya chini: "Faida." Nafasi iliyokuwa karibu naye hakumpangia mtu.

Basi, wajukuu, waiteni baba zenu warudi kikaoni, na shangazi yenu aje aketi nao. Mzigo usiotajwa ndio uzamishao mtumbwi.