Lebo za Mama Mapovu

Thamani ya mkunga hujulikana siku ya uchungu. Siku nyingine zote yeye ni mwanamke kama wengine, na mwenye mdomo mwepesi anaweza kumcheka akipita. Ndiyo maana waliotutangulia walituonya tusiwatukane wakunga na hali uzazi ungalipo: usimdharau leo mtu utakayemhitaji kesho. Mama Mapovu aliijua methali hiyo tangu utotoni. Asichokijua ni kwamba wakunga wengine hukaa mbele ya kompyuta.

Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu ya sabuni ya maji aliyoitengeneza katika chumba cha nyuma. Kwa miaka tisa aliikoroga kwenye mapipa ya bluu na kuiuza katika chupa zisizo na alama yoyote. Kisha mlango wa heri ukafunguka. Meneja wa duka kubwa la mtaa wa pili alikubali kuipanga sabuni hiyo rafuni, kwa sharti kwamba kila chupa iwe na lebo nzuri yenye jina, viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi. Alimpa wiki mbili.

Kitindamimba wake, binti wa miaka kumi na tisa, mtulivu kama maji ya mtungini, ndiye aliyempeleka kwa dizaina mmoja, msanifu wa lebo na matangazo. Tangu amalize shule alikuwa akienda pale kila alasiri, akikaa nyuma ya kiti cha yule mwanamke wa makamo na kutazama jinsi herufi zinavyosogezwa unywele kwa unywele mpaka zitulie. Usanifu wa michoro ulikuwa umemwingia damuni. Naye dizaina, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, alikuwa amemwambia, "Mwezi ujao uje uanze kujifunza kazi. Ukimaliza mwaka, barua ya chuo nitakuandikia mwenyewe." Chuo hakikumpokea mtu asiye na barua ya namna hiyo. Binti alikuwa bado anatafuta siku nzuri ya kumweleza mama yake.

Lebo ya kwanza ilikuwa nyeupe, yenye jina kubwa la kijani na tone moja la maji. Mama Mapovu aliitazama kama mtu aliyeandaliwa sahani tupu.

"Ndiyo hii tu?"

"Ndiyo, dada. Mteja akiwa hatua tano kutoka rafuni, aisome bila kukaza macho."

"Na waridi langu liko wapi? Na picha yangu? Tia dhahabu hapa, zambarau pale. Sabuni inanukia, watu waone kwamba inanukia!"

"Vikijazana vyote, hakitaonekana hata kimoja."

"Mdogo wangu, wewe umeuza chupa ngapi za sabuni?"

"Hata moja, dada."

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri kwenye benchi wakacheka. Kicheko hicho kikawa kuni kwenye moto wa Mama Mapovu, akakinyoshea kidole cheti cha chuo kilichotundikwa ukutani.

"Ati amesomea miaka mitatu! Miaka mitatu ya kupaka rangi kama mtoto wa chekechea! Hii nayo ni kazi ya mtu mzima? Mwanangu huyu hapa anatengeneza nzuri kuliko hii, kwa simu, tena amelala kitandani. Si ndiyo, mama?"

Alimgeukia binti yake. Dizaina naye akamgeukia. Binti alijua la kusema, na lilikuwa neno dogo tu. Lakini ulimi wake ulinata kama uliopakwa gundi. Akainama akatazama viatu vyake.

Dizaina aliifunga kazi ile kwenye kompyuta. Hakupandisha sauti. "Basi, dada, kama fundi yuko nyumbani, kwangu umefuata nini?"

"Hata mimi najiuliza!" Mama Mapovu akajibu, akatoka akicheka.

Kwa siku tano binti alihangaika na simu. Aliweka waridi, picha, dhahabu na zambarau. Chini kabisa, palipobaki nafasi ya upana wa ukucha, akabana viambato na tarehe. Walipofika kwa mpiga chapa, fundi wa mashine aliuliza, "Kisu umekiachia nafasi? Karatasi husogea kidogo wakati wa kukatwa. Maandishi yakikaa ukingoni, yataliwa."

Binti hakuwahi kusikia jambo hilo. Lilikuwa somo la mwezi ujao. Alifungua kinywa aulize, lakini mama yake alimtangulia.

"Kisu gani tena? Nyie wote lugha yenu moja, kututisha tu. Chapa! Zote elfu nne."

Kisu kikala. Meneja aligeuza chupa ya kwanza, ya pili, ya kumi. Juu waridi liling'aa, na chini tarehe ilikuwa imekatwa kiunoni.

"Mama, chupa isiyo na tarehe siwezi kuiweka. Nakupa siku tatu. Kuna mwenzako anaitaka nafasi hii."

Wakarudi kwa dizaina. Nyuma ya kiti chake alikaa msichana mwingine, mgeni, ameshika daftari.

"Mdogo wangu, yale yalikuwa matani tu," Mama Mapovu alianza. "Nipe ile nyeupe."

"Nina kazi za watu mpaka mwisho wa mwezi ujao, dada. Foleni ni foleni."

Mama Mapovu alisonya akatoka. Binti alibaki mlangoni.

"Shangazi, mimi..."

"Maneno ya mama yako nimeyazoea. Kila wiki huja mtu akaniambia hii si kazi. Lakini wewe uliulizwa mbele yangu. Nilingoja neno moja tu."

"Niliogopa."

"Najua, mwanangu. Lakini nafasi imeshachukuliwa." Aliyasema kwa upole, na upole ule ulimchoma binti kuliko tusi.

Fundi mwingine wa kuitengeneza upya kwa siku tatu hakupatikana, na siku ya nne rafu ilikwenda kwa yule muuzaji mwingine. Nyumbani, mama na binti walikaa chini wakibandua lebo kwa maji ya moto.

"Achana naye yule," mama alisema. "Kwani pale kuna nini? Kupaka rangi tu."

"Nilikuwa nianze kujifunza pale mwezi ujao, mama. Angeniandikia barua ya chuo."

Chupa ikasimama mkononi mwa Mama Mapovu. "Mbona hukuniambia?"

"Ungecheka."

Mama akaichovya tena chupa katika maji ya moto. Sabuni ingepata rafu nyingine siku nyingine, na yeye angeendelea kukoroga kama alivyokoroga miaka tisa. Aliyemtukana mkunga ni yeye, lakini uchungu ulimshika mwanawe. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Na kama wewe huna tena uzazi, wamo nyumbani mwako walio nao.