Nungunungu na Udongo wa Ruhusa

Haya, watu wangu, mmefika?
(Tumefika!)
Masikio mmekuja nayo?
(Tumekuja nayo!)
Na aliyeyasahau nyumbani?
(Akayafuate!)

Basi akayafuate upesi, mimi sirudii. Kabula, sogea kidogo, umeikalia kanga ya mwenzio. Haya sasa.

Hapo zamani, zamani sana, wanyama walikuwa na nchi zao na wakubwa wao, na walisumbuana kama sisi tu. Katika nchi moja ya mbali waliishi nungunungu. Nchi yao ilikuwa nzuri, ilikuwa na viazi, ilikuwa na maboga. Kitu kimoja hakikuwepo. Chumvi. Walikula viazi bila chumvi, walikula maboga bila chumvi, watoto wao wakawa wanalamba mawe.

Siku moja wakasikia kwamba huko ng'ambo, mwendo wa miezi miwili, kuna kilima cheupe, na ndani ya kilima kile chumvi imejaa tele. Nchi ile ilikuwa ya Mtemi Tembo. Wakakaa kikao, wakasema, "Nani ataenda kutuchimbia?" Wote wakamtazama Nungunungu mmoja, kijana, aliyekuwa hodari wa kuchimba kuliko wote.

Ndugu zake wakamchangia. Huyu alitoa viazi, yule alitoa mbegu, yule alitoa kibuyu. Na kwa desturi yao, kila aliyechanga aling'oa mwiba mmoja mgongoni mwake akampa, uwe ushahidi wa fungu lake. Chumvi ikipatikana, mwenye mwiba atapata fungu. Nungunungu akaifunga miiba ile kwa ugwe, akaipakata kama mtoto.

Alikuwa na mke, na mke alikuwa na mimba. Akamwambia, "Mama watoto, nitarudi kabla hujajifungua."

Mkewe akamwambia, "Nenda, baba. Nitakuwekea kiazi jivuni."

Akaenda.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo palipo na kazi. Katika nchi ya Mtemi Tembo, anayetaka kuchimba hachimbi tu. Kwanza anakanda udongo. Anautandaza chini, pale pale anapotaka kuchimba, upana wa ungo. Kisha anamsubiri Mtemi aje aukanyage. Unyayo wa Mtemi ukikaa kwenye udongo, hiyo ndiyo ruhusa. Usipokaa, ruhusa hakuna. Na udongo ukikauka kabla Mtemi hajaja, umepoteza zamu yako, unaanza upya nyuma ya wote.

Kwa hiyo Nungunungu akakanda udongo. Akautandaza chini ya kilima cheupe. Akachukua kibuyu, akaenda mtoni, akarudi, akaumwagia maji. Asubuhi akaumwagia, mchana akaumwagia, jioni akaumwagia. Jua la kule lilikuwa kali, hakuweza kwenda mbali hata nusu siku. Na kila alipoumwagia, aliimba:

*Udongo wangu, usikauke,*
*Mguu wa Mtemi uko njiani.*
*Mke wangu, usinisahau,*
*Na mimi niko njiani.*

Tuimbe wote. (Wanaimba.) Kabula, sauti. Huyu mtu yuko mbali na mkewe, haimbi harusini.

Akangoja. Mtemi hakuja.

Akaenda kwenye boma la Mtemi. Mlangoni alisimama Mbweha, tarishi wa Mtemi, amenyoosha mkia. Mbweha akasema, "Karibu sana, Bwana Nungunungu. Ombi lako tumelipokea. Mtemi amelifurahia mno. Subiri kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Kidogo ni kidogo, bwana. Ila Mtemi akishakula hupenda kuchokonoa meno. Huna mwiba wa kumpelekea?"

Nungunungu akatazama furushi la miiba ya ndugu zake. Hii si yangu, akasema moyoni. Akang'oa miiba mgongoni mwake mwenyewe, mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka mkono wa Mbweha ukajaa. Akarudi mbio kuumwagia udongo wake maji.

Mvua za kwanza zikanyesha, zikakatika. Mbayuwayu akapita akitokea kwao, akatua juu ya jiwe. "Nungunungu, salamu. Mkeo amejifungua mtoto wa kike. Amefanana na wewe pua. Na ndugu zako wanauliza, unyayo umekanyagwa?"

Nungunungu akacheka, akalia, akacheka tena. "Waambie bado kidogo. Mwambie mke wangu nakuja."

Akaenda bomani mara ya pili. Mbweha akasema, "Habari njema! Ombi lako lilikuwa chini ya maombi, sasa liko juu ya maombi. Subiri kidogo. Ila ile miiba imekwisha, Mtemi ana meno mengi." Nungunungu akang'oa mingine mgongoni. Akarudi mbio.

Mvua za pili zikanyesha, zikakatika. Mbayuwayu akatua. "Nungunungu, salamu. Mtoto wako anatembea. Anaanguka, anainuka, anatembea. Na ndugu zako wanauliza, unyayo umekanyagwa? Wengine wanasema umeshachimba zamani, unalamba chumvi peke yako."

Nungunungu hakucheka. Akasema, "Waambie nikipata jibu watalipata siku hiyo hiyo."

Akaenda bomani mara ya tatu. Mbweha akasema, "Ungekuja jana! Mtemi alishatoka, alishavuka kizingiti, anakuja kwako. Akapiga chafya, akarudi ndani. Subiri kidogo. Miiba umekuja nayo?" Nungunungu akapapasa mgongoni. Ilibaki michache karibu na mkia. Akaing'oa yote.

Mnaguna? Guneni. Lakini nani kati yenu hajawahi kungoja kitu mpaka akaona haya kuacha kungoja? Umeshangoja mvua mbili, utaachaje kabla ya ya tatu? Mimi hamu hiyo naijua. Unakula, chakula kinapita tu. Unasikia mtoto wa mtu analia, unageuka kama wako. Hivyo ndivyo alivyokuwa.

Sasa pale kilimani palikuwa na mwenyeji. Bibi Pimbi na watoto wake walikaa kwenye pango juu kidogo ya ule udongo. Tangu Nungunungu afike, Bibi Pimbi hakuwahi kumsalimu. Siku hiyo alimwona akirudi na mgongo mtupu, akateremka.

"Wewe ndiye unayetaka kuichimba nyumba yangu?"

"Bado sijapewa ruhusa, mama."

"Na mimi bado sijaambiwa nihame." Akaketi. "Unaona ukuta wangu ulivyopasuka? Nikiukandika leo, kesho Mtemi akukanyagie, nitakuwa nimejichosha bure. Nisipoukandika, watoto wanalowa. Mvua mbili wanalowa. Nilikuwa nakuchukia."

"Na sasa?"

"Sasa nakuona unabeba maji tu."

Mbayuwayu akatua, mara ya tatu. Hakutoa salamu. "Nungunungu, mtoto wako anaongea. Amemwuliza mama yake, baba ni nini. Na ndugu zako hawaulizi tena kuhusu unyayo. Wanataka miiba yao."

Nungunungu akainama mpaka pua ikagusa udongo. Bibi Pimbi akainuka, akapangusa vumbi. "Twende," akasema. "Wewe na mimi. Leo hatumwulizi Mbweha."

Wakazunguka boma kwa nyuma. Huko nyuma ilikuwa nyumba ya Mbweha, mpya, nzuri, na imezungushiwa ua. Ua wenyewe ulikuwa wa miiba, myeusi kwa myeupe, imesimama safi. Nungunungu akausogelea. Hata mmoja haukuwa umegusa jino la mtu. Akapita.

Wakamkuta Mtemi Tembo amekaa kivulini, anajipepea kwa masikio. Nungunungu akapiga magoti.

"Mtemi, nimetoka mbali. Nilikuja kukuomba ndiyo. Leo siombi ndiyo. Ukisema ndiyo nitachimba, ukisema hapana nitaenda kwa mtoto wangu. Nakuomba jibu tu."

Bibi Pimbi naye akasema, "Mtemi, ukisema ndiyo nitahama, ukisema hapana nitakandika. Nakuomba jibu tu."

Mtemi Tembo akacheka, tumbo likatikisika. Alikuwa ameshiba, na aliyeshiba husema ukweli wake bila kuona haya. "Ninyi watoto hamjui uongozi. Nikisema ndiyo, huyu atachimba, atapata chumvi, atanisahau. Nikisema hapana, atakwenda zake, atanisahau. Lakini anayengoja! Anayengoja anaamka na jina langu, analala na jina langu. Mna habari ni wangapi wananimwagia maji katika nchi hii? Udongo arobaini! Asubuhi nikitega sikio nasikia jina langu pande zote. Subirini kidogo."

Nungunungu akainuka. Akasema, "Asante, Mtemi. Hilo nalo ni jibu."

Akarudi kilimani. Akakaa mbele ya udongo wake na kibuyu kimejaa maji. Jua lilipanda. Mkono ukataka kuinua kibuyu, maana umezoea. Akauzuia. Jua likasimama utosini. Udongo ukaanza kupauka pembeni, kisha katikati, kisha ukapasuka, ta! Alilia Nungunungu, msifikiri hakulia. Mvua mbili za maisha yake zilikuwa mle ndani. Akaimba kwa sauti ndogo:

*Udongo wangu, kauka,*
*Mguu wa Mtemi haupo njiani.*
*Mke wangu, usinisahau,*
*Sasa ndiyo niko njiani.*

Maji ya kibuyu akampa Bibi Pimbi akandikie ukuta. Akabeba furushi la miiba ya ndugu zake, akaondoka.

Njiani alipita kwa Swala aliyeomba kisima, anamwagia udongo wake maji. Akamsimulia. Swala akaweka kibuyu chini. Akapita kwa Ngiri aliyeomba shamba, akamsimulia. Ngiri akaweka kibuyu chini. Akapita kwa Kanga aliyeomba kiota tu, jamani, kiota! Akamsimulia. Kanga akakipiga kibuyu teke. Habari ikaenda mbele yake, na kote ilikofika udongo ukakauka.

Kulipokucha Mtemi Tembo akatega sikio. Kimya. Akatega la pili. Kimya. Akapiga kelele, "Mbweha! Nipeleke kwa Nungunungu, leo namkanyagia!" Wakaenda mbio mpaka kilimani. Mtemi akainua mguu, akaukanyaga udongo. Mkavu. Akakanyaga tena kwa nguvu zote. Mkavu, unyayo haukukaa. Juu kidogo Bibi Pimbi alikuwa anakandika ukuta, hakugeuka hata kutazama. Mtemi akazunguka nchi nzima akikanyaga, udongo arobaini, na hakuna uliomshika mguu.

Akarudi na hasira, akamsukuma Mbweha kwa mkonga. Mbweha akaangukia ua wake mwenyewe, miiba ikamwingia kule anakokalia. Ndiyo maana mpaka leo Mbweha hatulii mahali pamoja. Chekeni, lakini msisahau ninakowapeleka.

Nungunungu alitembea miezi miwili. Alifika kwao jua bado lipo juu. Ndugu zake wakatoka na maneno yao, kila mmoja ameyapanga. Yeye akaketi chini, akafungua furushi, akamrudishia kila mtu mwiba wake. Haukupungua hata mmoja. Wakautazama mgongo wake, mtupu kama kiganja, na maneno yao yakawaishia.

"Chumvi sikupata," akasema. "Jibu nimewaletea. Tafuteni kilima kingine."

Akaenda nyumbani. Mlangoni alikuta mtoto wa kike anacheza na maganda ya boga. Pua ilikuwa yake. Njia nzima alikuwa amepanga atakavyomwinua, na atakachomwambia. Mtoto akamtazama huyu mnyama asiye na miiba. Hajawahi kuona mwingine kama huyu. Lakini mama yake alikuwa amemfundisha adabu. Akaweka maganda chini, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mjomba."

Mke wake alikuwa amesimama ndani, ameisikia hatua, ameijua. Mikono ameiweka mdomoni.

Nungunungu angeweza kugeuka akalia. Angeweza kunyamaza. Lakini alijua jinsi inavyouma kuuliza usijibiwe, kwa hiyo hakumchelewesha mtoto hata kidogo.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu."

Basi, wanangu, fundisho ni hili. Mwenzako akikuomba, mjibu. Ndiyo yako ataifanyia kazi, na hapana yako ataililia halafu ataenda zake. Ila ukimwambia asubiri na moyoni huna jibu, umemnyang'anya siku zake, na siku hazina pa kurudishiwa. Na wewe unayesubiri, kumbuka kuna nyumba ambayo nayo inakusubiri wewe.

Mimi nimefikisha, mzigo nimeutua hapa. Aliyesikia?
(Abebe!)
Na aliyesinzia?
(Aulize kwa jirani!)
Na akiuliza?
(Ajibiwe!)