Kitufe Chekundu na Jina la Mtoto

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana simu zilishafika hadi milima ya Upare, palikuwa na kundi la watu waliotengeneza programu ya simu bila kulipwa hata senti. Mama akishikwa na uchungu wa kujifungua, anabonyeza kitufe chekundu, gari linakuja. Naelijwa, mwenye mimba yake ya kwanza, alikuwa na programu hiyo, na kila akikiona kitufe kile moyo wake unatulia.

Kasoro ilikuwa moja: kitufe kilikaa chini kwenye kioo cha simu. Kidole gumba kikiteleza tu, dereva kaitwa! Dereva mwenyewe, Kirita wa watu, anapanda mlima na gari lake, anakuta mama anamenya ndizi. Mwishowe akachoka, akaanza kupuuza. Basi Nakunda, fundi wa programu ile, akakihamishia kitufe juu. Kazi safi. Ila hakumwambia mtu.

Kulipokucha Bi Mwanaidi, jirani yake Naelijwa, akawasha simu. Loo! Akaandika kwenye kundi la watumiaji wote: "Jamani, kitufe kimekwenda wapi? Mnabadilisha vitu kama sisi hatupo?"

Mafundi wakanong'onezana: "Tunyamaze, atazoea."

Mwenzao mmoja, mwanamke aitwaye Mbonea, akakataa katakata. "Kinachoonekana na wote kisemwe kwa wote." Akatuma picha, akatuma na sauti: kitufe sasa kiko juu, sababu ni hii, mtuwie radhi hatukuwaambia, na asiyependa aseme.

Haya. Mchana mmoja Naelijwa yuko shambani peke yake, uchungu huo! Hofu imemjaa. Akapapasa chini ya kioo, kitufe hakuna. Ndipo akakumbuka sauti ya Mbonea: kiko juu. Akabonyeza. Na Kirita, ambaye siku hizo haitwi tena bure, akarukia gari lake. Jua halijazama, binti kazaliwa hospitali, analia kwa nguvu zake zote. Vigelegele!

Wakaja wanawake watatu kumwona mtoto, na kila mmoja analitaka jina.

"Aitwe Nakunda," akasema Nakunda. "Ningekiacha chini, Kirita angesema kidole kimeteleza tena. Ungejifungulia migombani, mwenzangu!"

"Aitwe Mbonea," akasema Mbonea. "Kitufe usichojua kilipo kina faida gani? Mimi ndiye niliyekwambia, na wenzangu wakaninunia."

Bi Mwanaidi akacheka mpaka khanga ikamlegea. "Nyie! Nisingepiga kelele, nani angesema lolote? Mlishakaa kimya. Aitwe Mwanaidi."

"Apewe yote matatu," mume wa Naelijwa akajaribu.

"Mtoto mmoja, jina moja," mama mkwe akamkata. "Na sufuria yangu ya makande haiguswi mpaka litajwe."

Naelijwa akamkumbatia binti yake, akawatazama wote watatu, na wote anawapenda. Makande yanapoa, enyi mnaonisikiliza, na watu wana njaa. Je, mtoto aitwe nani?