Jezi ya Waliojileta

Sogeeni, nafasi ipo. Mwenye jibu la haraka alimeze kwanza, maana hadithi hii imewashinda wenye majibu ya haraka kabla yako.

Kulikuwa na chuo cha ualimu kwenye nyanda za juu, kule kwenye viazi na baridi, ambako mtu huvaa sweta mpaka saa sita mchana. Chuo kile kilikuwa na timu ya mbio ndefu. Wakimbiaji wake waliitwa kwa barua, kutoka kwenye mashindano ya wilaya. Lakini kila mwaka jezi moja iliwekwa pembeni kwa ajili ya wale ambao barua haikuwakuta. Wenyewe chuoni wakiwaita waliojileta, na jina hilo halikuwa la heshima.

Sharti lilikuwa hili: mizunguko ishirini na tano ya uwanja wa nyasi. Saa anayo mwalimu peke yake. Dakika arobaini zikitimia anapuliza filimbi, na wa kwanza kukata mstari kabla ya filimbi ndiye mwenye jezi. Ukishindwa, hurudii tena mpaka unamaliza chuo.

Mwaka huo walijileta wasichana kumi na wanne. Watatu kati yao walikuwa wakilala chumba kimoja.

Nyamizi alikuwa na mwili. Mabega yake yalijaza mlango, na upepo wa kule mlimani, unaopeperusha mabati, kwake ulikuwa ni hewa tu.

Subilaga alikuwa na mwendo. Alikulia kwenye kinu cha bibi yake, akitwanga mahindi kwa mapigo yasiyopanda wala kushuka, na mapigo hayo yakamwingia miguuni. Hakuhitaji saa. Lakini mara tatu alikimbia mashindano ya wilaya, na mara tatu alikuwa wa nne, na barua huandikiwa watatu.

Sikudhani hakuwa na mwili wala mwendo. Alikuwa na kichwa kisichotishika. Huyo hata nyumba ingeungua angetoka akiwa ameshika viatu vyote viwili.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe, wakila makande sahani moja, Nyamizi alisema, "Kila mtu peke yake hatufiki. Tukikimbia pamoja, kila mtu atajiwekea akiba ya kumpita mwenzake mwishoni, na bado hatufiki. Tuapiane. Atakayekata mstari, jezi asijivike. Amvike mmoja wa wenzake."

"Na atakayevikwa asikatae," akasema Sikudhani.

Subilaga alitafuna muda mrefu. Mwishowe akasema, "Haya."

Siku ikafika. Upande mmoja wa uwanja hauna mti hata mmoja, na upepo hutoka bondeni unakusukuma kifua. Kila walipofika hapo Nyamizi alitangulia, na wenzake wakajificha nyuma ya mgongo wake. Mara ishirini na tano alifanya hivyo. Machozi ya baridi yalimtoka na hakuwa na nafasi ya kuyafuta.

Mzunguko wa tatu wengine waliwapita mbio. Nyamizi akataka kuwafuata. "Waache," akasema Subilaga. "Hao watarudi." Kisha akawa anawapa mwendo kwa sauti ndogo, punguza, haya sasa, punguza, na kweli mzunguko wa kumi na mbili wale wengine walianza kurudi mmoja mmoja, midomo wazi.

Sikudhani alikuwa amebana ngumini punje ishirini na tano za maharage, na kila mzunguko alidondosha moja.

Sasa sikilizeni. Chuoni pale kengele ni rimu la gari lililoning'inizwa nyuma ya jiko, na rimu hilo hilo ndilo hugongwa kutangaza mzunguko wa mwisho. Mpishi hakuwa na habari na mambo ya mbio. Saa nne yake ilifika, akagonga chai.

Wasichana kumi na mmoja walichomoka kama kuku waliomwagiwa maji. Subilaga naye akachomoka, maana mwili ukichoka husikia unachotaka kusikia. Sikudhani akamdaka mkono na kumfungulia ngumi yake. Punje nne.

"Hiyo ni chai, dada. Bado minne."

Wale kumi na mmoja walimaliza nguvu zao kwa ajili ya chai, wakalala kwenye nyasi. Watatu wakabaki. Mwisho Subilaga alikata mstari, na filimbi ikalia mguu wa Sikudhani ukiwa hewani. Nyamizi alikuwa hatua kumi nyuma, anatembea.

"Mwalimu, si yangu," Subilaga akasema, akaeleza kiapo chao.

Mwalimu Mgaya, yule mwenye saa, akawatazama. Akawaingiza stoo ya vifaa, chumba chenye dirisha dogo la nondo, akaitundika jezi kwenye msumari. "Mstari umeuona mguu wako. Ukiivaa ni yako. Ukimvisha mwenzio sitauliza. Ila rimu la chakula likigongwa nafungua, na nikiikuta bado msumarini inarudi sandukuni." Akafunga mlango kwa nje.

Kulinuka mipira na jasho la zamani.

"Ahadi ni deni," akasema Nyamizi. "Sikuweka akiba hata ya kutembelea."

"Mimi nisingekushika," akasema Sikudhani, "sasa hivi ungekuwa unakunywa chai na wenzako."

"Na mimi?" Subilaga alikuwa analia. "Nani aliwazuia msife mzunguko wa tatu? Nilikula kiapo, ndiyo. Lakini mimi mara tatu nimekuwa wa nne. Leo nimekuwa wa kwanza, mnataka niivue kabla sijaivaa?"

Alisema kweli, na wao pia walikuwa wamesema kweli. Aliitaka ile jezi kuliko alivyowahi kutaka kitu. Akiivaa, alale vipi chumba kimoja na watu aliokula nao kiapo? Akimvika mmoja, kwa kosa gani la mwingine? Akiiacha, wote watatu wamekimbia bure.

Akaitoa msumarini. Akasimama nayo katikati.

Nyuma ya jiko rimu likagongwa, na mara hii haikuwa chai. Kiganja cha Sikudhani kilikuwa kitupu. Ufunguo ukaingia mlangoni.

Wewe unayetaka kuniambia waikate vipande vitatu, kaa chini, mkasi haumo humo stoo. Nawauliza ninyi wengine. Mlango unafunguka, na jezi iko mkononi mwako. Unamvika nani?